Karantini ya Ng'ombe

Lushoto,
7 Machi 1978

Kwako dada Rahabu,

Shikamoo. Mwenzako ni mzima, kasoro baridi na kazi. Wasalimie shemeji Nikodemo, mama mkwe wako Yunis, watoto, na jirani yenu Issa na mkewe Tatu. Mapeasi uliyotuma na basi la Mlalo yalifika, ingawa utingo alikuwa ameshajikatia fungu lake.

Ndani ya bahasha hii kuna tangazo. Kwa kuwa wewe ndiye balozi wa nyumba kumi hapo Kwemlelo, lisome mbele ya watu wako kabla ya Jumatatu. Lisome kama lilivyo, usipunguze wala usiongeze. Tumeagizwa sisi watu wa afya tusilizungumzie nje ya maneno yake, na mimi mkubwa wangu ananitazama sana siku hizi. Usiniulize zaidi, dada. Kuchemsha maji ya kunywa usiache, na kile choo chenu kifunikwe.

Mdogo wako,
Rubeni

*TANGAZO. Wananchi wote wanaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 13 Machi, kata nzima itakuwa chini ya karantini kwa sababu za kiafya. Ni marufuku kutoka wala kuingia bila kibali. Mabalozi wasimamie. Atakayekaidi atachukuliwa hatua kali.*

---

Kwemlelo,
11 Machi 1978

Mdogo wangu Rubeni,

Marahaba. Sisi hatujambo. Tangazo lako nimelisoma jana asubuhi penye kinu cha Tatu, watu wakiwa wamesimama kwa sababu majani yalikuwa na umande. Nimelisoma kwa sauti ya shule, ungenisikia ungesema zumbe mwenyewe, yule mtawala wetu wa zamani, karudi.

Nilipofika kwenye neno karantini, wazee waliguna. Mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, karantini ndiyo ile?" Nikamwambia ndiyo ile ile, babu. Nani hapa asiyeijua? Ule mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo bwana mifugo alikuja na neno hilo hilo, akafunga njia, ng'ombe wakadondosha mate zizini mpaka wakawa mifupa, na baba yetu akauza yule ng'ombe wa maziwa kwa bei ya kuku. Wewe ulikuwa mdogo, ulilia maziwa. Mimi sijasahau. Wengine walitaka kubishana kwamba labda ni jambo jingine, nikawaambia balozi ni nani, mimi au nyinyi? Kumbe siku hizi nyinyi watu wa afya mmepewa na mambo ya mifugo! Hongera.

Sasa soma hii halafu uichome, maana wewe ni mtu wa serikali. Wanaume hawakungoja hiyo Jumatatu. Nikodemo na Issa wamewatoa ng'ombe wa nyumba zote kumi, wameshuka nao kwa njia ya msituni leo alfajiri. Wanawapeleka Mazinde kwa Ramadhani, kaka yake Issa, mwenye zizi karibu na barabara kuu. Kule ni tambarare na majani yapo. Watawaacha huko mpaka karantini yenu ipoe. Ng'ombe wetu mwekundu ana mimba, Nikodemo anatembea naye polepole kama anapeleka bibi harusi.

Kwa hiyo usituwaze. Safari hii serikali itakuta mazizi matupu.

Kuhusu maji, tunachemsha ya chai. Kuni siyo za kuchezea, mdogo wangu.

Dada yako,
Rahabu

---

Lushoto,
14 Machi 1978

Dada,

Barua yako imenifikia leo, na basi lililoileta ndilo la mwisho. Nimeisoma nimesimama, nikakaa chini.

Karantini hii si ya ng'ombe. Ni ya watu. Ugonjwa wenyewe ni kipindupindu. Nimekwisha kuliandika, na wakilikuta neno hili kwa mkono wangu nitafukuzwa kazi, potelea mbali. Tumekatazwa kulitaja ili watu wasitaharuki, na tumekatazwa kutaja uko wapi. Uko Mazinde, dada. Ni huko huko mlikowapeleka. Darasa moja la shule limejaa wagonjwa, wamelazwa chini juu ya majani ya migomba. Mtu anaamka mzima, anaharisha maji meupe na kutapika, na jua likizama mnazungumza habari za sanda.

Kwa nini hukuuliza? Ungeandika mstari mmoja tu!

Sasa nisikilize. Nikodemo na Issa wakirudi, wasiingie kijijini. Wasishike mkono wa mtu, wasile sahani moja na mtu, hata kama wanaonekana wazima. Ugonjwa huu hujificha tumboni siku kadhaa kabla ya kujitokeza. Waweke mahali palipo chini ya chemchemi na chini ya mfereji wa maji, kamwe pasiwe juu yake. Wachimbiwe choo chao, kila wakienda wamwage majivu. Maji yote, ya kila nyumba, yachemshwe mpaka yatokote.

Akianza mmoja kuharisha, usingoje mganga. Chukua maji yaliyochemshwa, yajae chupa mbili za bia. Tia sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko. Onja kwanza, isizidi chumvi ya machozi. Mnyweshe kidogo kidogo, akitapika mnyweshe tena. Kinachoua ni kukaukiwa maji.

Barua hii naipitisha kwa mgambo wa kizuizini. Waambie watu wako neno lenyewe. Sema kipindupindu.

Rubeni

---

Kwemlelo,
17 Machi 1978

Rubeni,

Unaniuliza kwa nini sikuuliza? Na wewe kwa nini hukusema? Uliandika "usiniulize zaidi" kwa mkono wako mwenyewe. Ulimwogopa mkubwa wako kuliko ulivyotuhofia sisi. Basi, nimelitoa, sasa nikupe habari.

Barua yako ililetwa jana asubuhi. Sikulima tena. Nilikwenda kusimama pale njia ya msituni inapovuka kijito, na jembe mkononi. Walitokea mchana, wanacheka, Nikodemo amevaa kofia mpya ya ukindu aliyopewa na Ramadhani. Nikawaambia simameni hapo hapo. Nikodemo akadhani ni utani. Alivua viatu ili avuke. Nikanyanyua jembe, Rubeni. Nilimnyanyulia mume wangu jembe, mtu aliyekuja kunitolea ng'ombe watatu kwa baba.

Nilimsomea barua yako kwa sauti kutoka ng'ambo. Issa alichutama, akashika kichwa. Akasema kweli kule msibani walikula pamoja na watu. Nikauliza msiba gani? Kumbe jirani ya Ramadhani alikuwa amefariki, wakaenda kuzika kama watu wenye adabu, wakanawa kwenye karai moja na wote, wakala pilau. Walimwuliza mfiwa marehemu aliugua nini, akajibu tumbo tu.

Wako kwenye kibanda cha viazi, shamba la chini, chini ya mfereji kama ulivyosema. Choo wamechimba wenyewe. Chakula tunakiweka juu ya lile jiwe kubwa, tukiondoka ndipo wanakuja kuchukua.

Mama Yunis hataki kusikia. Amekaa mlangoni kwangu toka jana, anasema, "Nimezaa mwana mmoja, leo mke wake anamlisha juu ya jiwe kama mbwa!" Amesema kwa Kishambaa, kwa hiyo lilikuwa kali zaidi kuliko nilivyoliandika hapa. Mkwe hajibiwi.

Watu nimewaambia neno lenyewe. Nyumba nne zinachemsha maji. Zilizobaki zinasema balozi juzi alikuwa na uhakika ni ng'ombe, leo ana uhakika ni watu, kesho atatuambia ni kuku. Na wana haki.

Lakini Nikodemo ni mzima. Jana jioni nilimsikia akiimba kule chini.

Rahabu

---

Mazinde,
18 Machi 1978

Dada Rahabu,

Shikamoo. Nimehamishiwa huku tangu juzi kusaidia darasani. Sijalala vizuri. Barua yako imeletwa na dereva wa Landrova yetu.

Umefanya vema kwa lile jembe. Mama mkwe atakusamehe baadaye, hata akikaa mwaka. Nyumba zilizobaki zibembeleze, ziogopeshe, fanya lolote. Kama wanakucheka wache wacheke huku sufuria ikiwa motoni.

Leo mchana nilipata nafasi nikaenda kwa Ramadhani. Ng'ombe wote nimewaona, wamesimama zizini wanalia kwa kutokukamuliwa, maana hapakuwa na mtu. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ramadhani na mkewe tuliwazika jana, na mimi mwenyewe nilimwaga chokaa. Sikujua ni yeye, nilijua tu ni mtu wa shati la bluu.

Usimwambie Issa bado. Mtu aliyefungiwa kibandani akipata habari kama hii atatoka tu, na akitoka tumekwisha. Mwambie kaka yake anamsalimu.

Najua ninalokuomba. Ni lile lile nililokufanyia mimi.

Rubeni

---

Shamba la chini,
19 Machi 1978, Jumapili ya Mitende

Rubeni,

Nikodemo ameanza leo alfajiri.

Nimevuka. Usinigombeze, nani mwingine angevuka? Watoto nimemwachia mama Yunis. Barua hii Tatu ataipokea kwa koleo la moto na kuipitisha kwenye moshi kabla ya kumpa mgambo, ndivyo tulivyokubaliana.

Ni maji matupu, kama maji ya kuoshea mchele. Macho yamemwingia ndani, na ngozi ya mkono nikiifinya inabaki imesimama. Namnywesha kama ulivyosema. Nusu anairudisha, nampa tena. Issa anakoka moto na kumwaga majivu, yeye ni mzima, hajasikia hata tumbo kuguruma. Mganga wa zahanati alifika jiweni, akatupa vidonge, Nikodemo akavitapika. Maji ya kutundika, yale ya mshipani, hana hata chupa moja. Njia ya Lushoto mvua imeikata, na watu wa kumbeba machela nimekosa. Siwalaumu.

Sukari yangu imekwisha saa nne asubuhi. Unajua ilivyo adimu dukani. Nikamwita Tatu, Tatu akapita nyumba kwa nyumba, na muda si muda jiwe likawa limejaa: vifuko vya sukari, vingine vimefungwa kwenye kitambaa, kingine cha mtoto kimelowa mate. Hata wale waliosema kesho nitawaambia ni kuku wameleta. Mama Yunis ameleta ya kwake, ile aliyoificha kwa ajili ya Pasaka. Sasa amekaa ng'ambo ya kijito anamwita mwanawe kwa jina la utotoni, wala hajaondoka.

Kuhusu salamu za Ramadhani, nilizifikisha. Issa alifurahi. Ulimi wangu umekuwa mzito mpaka sasa.

Tuma sukari. Tuma mtu. Naogopa, mdogo wangu, naogopa sana.

Rahabu

---

Mazinde,
20 Machi 1978

Dada yangu,

Nimepata barua yako asubuhi hii. Nimempata dereva, anapanda sasa hivi mpaka kizuizini, na kutoka hapo mgambo ataleta kwa miguu. Nimetuma sukari kilo nne, chumvi, na chupa mbili za maji ya kutundika pamoja na mganga atakayejua kuziweka. Nilizichukua bila kuomba. Mkubwa wangu nitamjibu baadaye.

Mwambie shemeji asikate tamaa. Hapa tumeona watu waliokuwa wamekauka kama ngozi ya ngoma, leo wanaomba ugali. Mtu akivuka siku ya kwanza huku anakunywa, ana nafasi kubwa. Mwambie yule ng'ombe wake mwekundu amezaa jana, ndama jike, ana doa jeupe pajini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkamua, na kwa mkono wangu huu wa kushika kalamu, nimepigwa teke. Acheke kidogo.

Usiache kumnywesha.

Rubeni

---

Kwemlelo,
27 Machi 1978, Jumatatu ya Pasaka

Rubeni,

Sukari, chupa na mganga vilifika Jumanne mchana. Nikodemo tulimzika Jumatatu jioni.

Nilikuwa nimetengeneza maji mengine. Nikaonja kama ulivyonifundisha, nikaona yamezidi chumvi, nikayamwaga nikatengeneza upya, nikaonja, yakazidi tena. Issa akaninyang'anya kikombe akaonja, akasema, "Shemeji, maji ni mazuri. Ni wewe unayelia ndani yake." Tuligeuka kumpa, alikuwa amekwisha kwenda. Kwa hiyo habari ya ndama hakuipata.

Hatukumwosha wala kumlaza ndani. Mchungaji hakuvuka. Tuliochimba kaburi ni mimi na Issa, Mlutheri amezikwa na Mwislamu na mwanamke. Watu niliwakataza wasije, na hili lilinishinda kuliko jembe, maana wewe unajua kwetu msiba bila watu ni kama mtu hakuwahi kuishi. Nikasema kila mmoja asimame mlangoni kwake. Wakasimama. Unazijua nyumba zetu zilivyo, moja mgongoni mwa mlima, moja ubavuni, nyingine ng'ambo. Mama Yunis akaanzisha wimbo pale kijitoni, nyumba ya kwanza ikapokea, halafu ya pili, halafu bonde zima. Waislamu waliomba dua milangoni kwao. Sijui ilichukua muda gani. Issa aliacha koleo akakaa chini.

Hapo ndipo nilipomwambia habari za Ramadhani. Sikuweza tena kumwacha ashike koleo kwa ajili ya mume wangu huku kaka yake amefukiwa hajui. Hakunipigia kelele. Aliniuliza tu kama nilijua siku ile ya salamu. Nikasema nilijua. Tangu hapo hajanisemesha. Tulikaa wote kibandani mpaka siku za hatari zilipokwisha, tukipokezana moto.

Hakuna mwingine aliyeugua hapa. Nyumba zote zinachemsha maji sasa. Kuni mlimani zimeanza kuwa mbali.

Mama Yunis alinipokea nilipovuka. Alinishika uso kwa mikono miwili, akakumbuka, akanipeleka kunawa.

Sikukasirikii tena. Nilijaribu, nimechoka.

Rahabu

---

Lushoto,
12 Aprili 1978

Dada yangu Rahabu,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Pole haitoshi na sina kubwa kuliko pole. Nilikuwa na neno moja la kukuambia mwezi wa tatu nikalimeza kwa ajili ya mshahara. Shemeji Nikodemo ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli.

Njia imefunguliwa. Issa alikuja Mazinde kuchukua ng'ombe, nikamwonyesha kaburi la kaka yake. Alikaa sana. Wakati wa kuondoka akaniambia, "Dada yako alinidanganya, na kama asingenidanganya ningetoka kile kibanda. Sijui nimwambie nini." Nakuletea kama alivyosema. Ng'ombe wote wazima, hakuna hata mmoja aliyekohoa.

Kazini sijafukuzwa, nimepewa onyo la maandishi. Lakini wamebadili wazo. Mvua zinaendelea, ugonjwa unaweza kupanda tena kwa njia nyingine, na wanataka kila kijiji kijiandae kabla, kisijiandae siku ya kuzika. Wameniambia niandike tangazo jipya. Nimekaa na kalamu, kila neno ninaloandika naliogopa. Nimeandika "maambukizi", nikajiuliza mama Yunis atasikia nini. Nimefuta.

Liandike wewe, dada. Kwa maneno yako. Mimi nitaligonga mhuri, sitagusa herufi.

Rubeni

---

Kwemlelo,
20 Aprili 1978

Mdogo wangu Rubeni,

Marahaba. Issa ameleta ng'ombe. Alimfunga mwekundu kwangu, akaenda, akarudi, akasema, "Shemeji, ndama anataka kivuli." Ndiyo maneno yake ya kwanza. Nimeyapokea.

Tangazo hili hapa. Nililisoma kwanza mbele ya mama Yunis, na kila aliponiuliza "maana yake nini" nilifuta nikaandika tena. Ukigusa herufi nitakuja huko Lushoto na lile jembe.

*TANGAZO KWA WATU WA NYUMBA ZOTE*

*Kuna ugonjwa unaitwa kipindupindu. Ni wa watu. Ng'ombe haumdhuru, msihangaike na ng'ombe.*

*Mtu huharisha na kutapika maji matupu, na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Unaingia kwa mdomo, kwa maji na chakula na mikono yenye uchafu wa mgonjwa. Chemsheni maji mpaka yatokote, hata kama kuni ziko mbali. Choo kifunikwe. Kunawa msibani kwenye karai moja kukome, mmoja amwagie mwenzake.*

*Kila nyumba iweke akiba ya sukari na chumvi sasa hivi, wakati hakuna mgonjwa. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo maji yaliyochemshwa ya chupa mbili za bia, yenye sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko. Asiye na sukari amwambie balozi leo, asingoje.*

*Ikisemwa njia imefungwa, basi waliomo wasitoke na walioko nje wasiingie, hata akiwa mume wako, hata akiwa anacheka.*

*Mkiulizwa marehemu aliugua nini, msijibu tumbo tu. Semeni. Anayeuliza ana watoto.*

*Mwezi wa tatu niliwasomea neno karantini, nikaona aibu kusema silielewi, nikalieleza. Aliyenisikiliza kwanza ni mume wangu.*

*Mkisikia neno msilolijua, njooni mniulize. Na mimi nisipolijua, safari hii nitasema silijui.*

*Rahabu, mke wa marehemu Nikodemo,
Balozi wa nyumba kumi, Kwemlelo*